Mtu mzima nanyang'anywa sahani ya nyama mbele ya wanaume wenzangu, tena safari ya kanisa!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika vumbi la Bagamoyo likiwa bado kwenye viatu, na sijala, maana nilichokwenda kula nimepokonywa mkononi.

Leo ilikuwa safari ya wanaume wa usharika wetu. Simtaji mtu. Wanaosali ibada ya kwanza wanamjua, ni yule mwenye filimbi. Mtu ana wajukuu, anatembea na filimbi shingoni kwenye safari ya wazee wenzake. Anapuliza, mpande. Anapuliza, mshuke. Tumesimama Kerege watu wachimbe dawa, anapuliza filimbi watu wako vichakani! Kuna mzee wa kanisa katoka mbio huku anafunga mkanda.

Mchango ulikuwa elfu sitini. Nimelipa elfu sitini. Arobaini mwisho wa mwezi, ishirini jana jioni, nimemtumia yeye mwenyewe kwenye namba yake, akanijibu "Ubarikiwe". Ujumbe ninao hapa.

Sasa sikilizeni. Tumefika, tumezunguka Misheni, tumeuona mbuyu uliomeza mnyororo, kimebaki kipande kidogo tu kinachungulia kwenye gome. Tukaenda Kaole kwenye magofu, jua la saa saba linapiga utosi. Tumerudi ufukweni mbuzi wamekwishaiva, harufu inaita watu mpaka Zanzibar. Foleni ikapangwa. Nimefika mezani, mama wa jikoni kaniwekea ndizi za kuchoma, kachumbari, na kipande cha mbavu ambacho mafuta yake yalikuwa bado yanachemka juu ya mfupa. Nimeshukuru, nimegeuka. Nasikia filimbi.

"Wewe! Hapo hapo! Hujamaliza!"

Akaja. Akashika sahani upande wake, mimi nimeshika upande wangu. Wanaume wa Kosta mbili wanatazama. Mwinjilisti anatazama. Akavuta. Mbavu ikateleza, akaidaka kwa mkono mwingine, akairudisha kwenye sinia.

Sahani, wakuu. Ilikuwa mkononi mwangu!

Kisha akatangaza: waliomaliza wakae mkekani kivulini, wasiomaliza waende benchi la kule juani, watapewa ndizi. Namwonyesha simu, anasema yeye anafuata daftari. Daftari anaandika nani? Yeye! Kalamu anayo nani? Yeye!

Na asubuhi kwenye basi tumesomewa Yakobo sura ya pili, habari ya mwenye pete ya dhahabu kukaribishwa mahali pazuri na maskini kuambiwa asimame kule. Aliyesoma ni yeye, kwa sauti ya kutetemesha vioo.

Kuna kijana wa bodaboda nilimbembeleza muda mrefu aje, nikamwambia njoo ujue wanaume wenzako, kanisa si la akina mama peke yao. Naye kapelekwa benchi la juani. Kala ndizi yake kimya, njia nzima kurudi hajafungua mdomo. Huyu Jumapili namwambia nini? Mimi nina miaka mingi kanisani nitavumilia, lakini yule kijana harudi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko njaa.

Ila na sahani inaniuma. Ilikuwa mkononi. Mtu anakunyang'anya sahani ukiwa umeishika!

Kipara wa Goba: Pole mkuu. Ila swali: alipovuta, wewe ulivuta?

Mleta mada: Nilivuta! Ana nguvu yule, wanaomjua wanajua.

Kipara wa Goba: Kwa hiyo wanaume wawili wa kanisa mmevutana sahani ufukweni, wavuvi wanawaangalia. Sawa, nimeelewa.

Ngosha Mtaratibu: Mwenye filimbi hahahaha. Namjua huyo. Aliwahi kutupulizia msibani tukiwa tunapanga mstari wa kuaga. Mjane alishtuka akaacha kulia.

Mtoto wa Upareni: Elfu sitini kwenda Bagamoyo? Ni kama kilomita sabini tu toka mjini! Nauli ya daladala na chipsi kuku chenji inabaki. Hapo mmeliwa kabla ya sahani.

Mleta mada: Mkuu, hoja si bei. Hoja ni kwamba sahani nilikuwa nimeshaishika.

Mtoto wa Upareni: Hoja ni bei.

Mzee wa Benchi la Nyuma: Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mkekani, nimemaliza mchango tangu mwezi uliopita. Nathibitisha sahani ilivutwa. Nathibitisha pia mbuzi alikuwa mtamu sana, hasa mbavu.

Mleta mada: Mbavu ile ilikuwa yangu.

Mzee wa Benchi la Nyuma: Sikujua mkuu. Nilipewa tu.

Mama Sare: Mnalia sahani moja! Njooni kwa akina mama. Tumechangishwa kitenge cha sikukuu, mhazini wetu, mnamjua, yule wa kucheka kabla hajasema, katuletea kitambaa kinachochuja. Tumetoka jasho wakati wa mahubiri, tumeinuka mabenchi yote ya bluu. Mchungaji kakaa baadaye na kanzu nyeupe. Nyie mna benchi la juani, sisi tuna mchungaji mwenye matako ya bluu.

Ngosha Mtaratibu: Mama Sare umenimaliza.

Kibanzi: Mleta mada, kweli umetuma hiyo elfu ishirini au ulituma kwa namba nyingine? Weka picha ya muamala tuione.

Mleta mada: Nimeweka. Iangalie. Na hiyo "Ubarikiwe" umeiona? Mtu anakubariki usiku, mchana anakunyang'anya sahani.

Kibanzi: Nimeona. Salio lako nalo limeonekana mkuu. Ungekula tu hiyo ndizi.

Babu Wami: Wakuu, samahani kutoka nje ya mada. Pale Misheni mlionyeshwa kaburi la Livingstone, yule mmisionari Mzungu wa zamani? Mimi nilionyeshwa mnara nikaambiwa kazikwa hapo.

Mwalimu wa Zamu: Hakuzikwa Bagamoyo. Alifariki 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, na moyo wake ulizikwa hukohuko. Watumishi wake kina Susi na Chuma wakaukausha mwili wakaubeba hadi pwani. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, ukalazwa pale Misheni, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Kaburi liko Westminster Abbey, London.

Babu Wami: Ina maana nililipia kuangalia mnara mtupu?

Mwalimu wa Zamu: Ulilipia historia, mzee wangu. Misheni ile wamisionari wa Roho Mtakatifu waliianza 1868, waliweka na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hayo ndiyo ya kuangalia.

Mtoto wa Upareni: Susi na Chuma walibeba maiti toka Zambia mpaka Bagamoyo kwa miguu na hakuna aliyeuliza nani hajamaliza mchango.

Mleta mada: Hapo umenena! Ndicho ninachosema. Mtu kashika sahani...

Kipara wa Goba: Tumeelewa, ilikuwa mkononi.

Dada wa Kwaya: Mnaongelea Livingstone, mimi naomba mtu anisaidie. Kwaya yetu mwalimu kabadilisha sauti za watu wiki ya tamasha. Mimi soprano toka utoto, kaniweka alto kwa sababu binamu yake kahamia. Nifanyeje?

Mama Sare: Imba soprano ukiwa upande wa alto. Watakurudisha wenyewe.

Ngosha Mtaratibu: Sisi kwaya yetu kinanda kilinunuliwa kwa harambee, kinalala kwa mwenyekiti, mwanawe anapigia bongofleva.

Dada wa Kwaya: Afadhali nyie mna kinanda.

Mleta mada: Jamani uzi ni wa sahani.

Mama Sare: Mwanangu, nenda kale kwanza. Akina mama tunataka kwenda Mikumi. SGR mpaka Morogoro, halafu tunahitaji Kosta ya kutupokea stesheni ituingize hifadhini na kuturudisha jioni. Nani ana namba ya dereva mwaminifu?

Dereva wa Msamvu: Mama, mimi nipo Morogoro. Kutoka hapa mpaka hifadhini ni kilomita kama 100, mkishuka na treni ya asubuhi saa sita mnaangalia tembo. Mko wangapi?

Mama Sare: Ishirini na tano. Una siti za kutosha?

Dereva wa Msamvu: Zinatosha. Njoo PM tuongee bei.