Joe Slovo: ilikuwaje mnadhimu wa vita akashauri kugawana madaraka na adui?

Maalim wa Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha historia katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na wiki iliyopita tulikuwa katika somo la ukombozi wa kusini mwa Afrika. Niliandika ubaoni jina la Joe Slovo, na chini yake mistari michache: alizaliwa mwaka 1926 Obeliai, nchini Lithuania, katika familia ya Kiyahudi, alipelekwa Afrika Kusini akiwa na umri wa miaka minane, alijiunga na Chama cha Kikomunisti, akawa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe (jeshi la chama cha ukombozi cha ANC), mkewe, Ruth First, aliuawa Maputo tarehe 17 Agosti 1982 alipofungua barua iliyofichwa bomu, naye Slovo alifariki Januari 1995 akiwa Waziri wa Nyumba katika serikali ya Mandela.

Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha alinyanyua mkono. Akasema: "Maalim, mtu aliyeuliwa mkewe, vipi alikubali kukaa meza moja na serikali iliyomuua, tena akashauri wapewe nafasi katika serikali mpya?" Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni kuhusu umuhimu wa amani, naye akakaa, lakini sura yake ilinionesha kuwa hakuridhika, na kwa kweli hata mimi mwenyewe sikuridhika na jibu langu. Naomba anayeyajua mambo haya kwa undani anisaidie.

Mzee wa Kikwajuni

Waalaykum salaam, Maalim. Suali la mwanafunzi wako ndilo suali ambalo wenzake Slovo walimuuliza mwaka 1992, tena kwa ukali zaidi.

Mueleze kwanza hali ya mwaka ule. Mwezi wa Juni watu zaidi ya 40 waliuawa kwa usiku mmoja katika mtaa wa Boipatong, ANC ikajitoa katika mazungumzo na serikali ya makaburu, na mwezi wa Septemba askari wa Ciskei, eneo lililotengwa na makaburu kwa ajili ya Waafrika, wakawamiminia risasi waandamanaji huko Bisho. Katika mwaka huo wa damu ndipo Slovo alipoandika makala katika jarida la chama chake na kusema jambo ambalo wapiganaji wengi hawakutaka kulisikia, kwamba waliokaa upande wa pili wa meza hawakuwa adui aliyekwisha kushindwa vitani, na kwa hiyo haingewezekana kuwataka wasalimu amri. Jeshi lilikuwa bado mikononi mwao, polisi vilevile, na watumishi wa serikali, tangu karani hadi jenerali, walikuwa na uwezo wa kuikwamisha serikali mpya kabla haijapata kukaa sawasawa. Akapendekeza masharti yenye ukomo: madaraka yagawanywe kwa lazima kwa miaka maalumu, watumishi waliokuwepo walindiwe ajira au pensheni zao, na uwepo msamaha kwa watakaoeleza waliyoyatenda. Alichokikataa ni wachache kupewa haki ya kudumu ya kuyazuia maamuzi ya walio wengi. Wapo waliompinga kwa maandishi, mmoja wao Pallo Jordan, kiongozi wa ANC, na mabishano yakawa makubwa, lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo Halmashauri Kuu ya ANC iliukubali mwelekeo huo.

Sasa nije kwenye kiini cha suali. Mimi naamini kwamba lau maneno yale yale yangesemwa na mtu aliyekuwa laini tangu mwanzo, yangezomewa na jambo lingeishia hapo. Slovo hakuna aliyeweza kumwita mwoga wala kibaraka. Aliacha skuli akiwa kijana mdogo ili afanye kazi ya ukarani katika duka la jumla la dawa, na huko ndiko alikoanzia harakati za wafanyakazi. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akarudi kusomea sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand alikokuwapo pia Mandela, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1956, na mwaka 1963 akaondoka nchini asirudi hadi 1990. Miaka 27 uhamishoni si mchezo.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe, na hulikuti kutajwa sana madarasani. Mwaka 1969 ANC ilifanya mkutano wake mkuu Morogoro, wakati wapiganaji wengi walikuwa wamekata tamaa na wakiwalaumu viongozi wao waziwazi. Slovo alishiriki kuuandika waraka wa mikakati uliopitishwa pale, na akaingizwa katika Baraza la Mapinduzi lililoundwa na mkutano huo. Hata hivyo, kwa kuwa ni mzungu, mlango wa Halmashauri Kuu ulibaki umefungwa kwake. Aliendelea kukitumikia chama ambacho hakikumruhusu kukaa katika kikao chake cha juu, kwa miaka 16, mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985 ulipoufungua mlango huo naye akawa mzungu wa kwanza kuchaguliwa. Mtu aliyesubiri hivyo bila ya kinyongo ana haki ya kuwaambia wenzake wasubiri miaka mitano ya kugawana madaraka.

Bi Mkubwa wa Wete

Namshukuru Mzee wa Kikwajuni kwa maelezo yake, lakini naona amempitia mbali kidogo yule binti. Yeye hakuuliza iwapo hesabu za Slovo zilikuwa sahihi. Ameuliza habari ya mke aliyeuliwa.

Basi aambiwe yaliyofuata. Ofisa wa usalama wa makaburu aliyehusika na barua ile, Craig Williamson, aliomba msamaha wa kisheria mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Watoto wa Ruth First walipinga ombi lake, wakamsikiliza akieleza kifo cha mama yao, na mwaka 2000 akapewa msamaha huo. Slovo alikuwa amekwisha kufariki miaka mitano kabla. Kwa hiyo yule aliyeshauri msamaha hakuwapo siku ulipotolewa, na walioubeba ni watoto wake. Simlaumu, kwa sababu huenda bila ya ushauri ule wangekufa wengi zaidi, lakini sipendi tuwafundishe wanetu kuwa maridhiano ni jambo la viongozi kupeana mikono mbele ya kamera. Kuna wanaobaki nyumbani na picha ya marehemu ukutani, na hao hawakuwapo mezani.

Kijana wa Michenzani

Naongeza mambo mawili, moja la sheria na jengine la nyumba.

Msomaji wa Zanzibar hawezi kuusoma mpango wa Slovo bila ya kukumbuka maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 walikubali, na mabadiliko ya kumi ya Katiba yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tofauti iko kwenye muda. Slovo alitaka mgawanyo wa madaraka uwe na siku ya mwisho, ukawekwa kwa miaka mitano, na hata hiyo haikutimia kwa sababu de Klerk, rais wa mwisho wa utawala wa makaburu, alikitoa chama chake serikalini katikati ya mwaka 1996. Sisi tuliuandika katika Katiba bila ya ukomo. Nadhani darasa lenu, Maalim, lingefaidika kujadili ipi kati ya njia hizi mbili inawapa watu sababu ya kuaminiana.

Kuhusu nyumba, nimekulia ghorofa ya nne hapa Michenzani, nikipandisha ndoo za maji kwa ngazi asubuhi kabla ya skuli, na kwa hivyo najua kwamba serikali ikikujengea nyumba, kazi ndiyo kwanza imeanza. Slovo alikuwa waziri kwa miezi minane tu, hali anaugua saratani ya uboho, akikabiliwa na ahadi ya nyumba milioni moja kwa miaka mitano, na bado mwezi wa Oktoba 1994 aliwakutanisha Botshabelo mabenki, wajenzi na wawakilishi wa wasio na makaazi mpaka wakaafikiana. Jina lake limebaki katika mtaa wa vibanda wa Joe Slovo huko Langa, Cape Town, ambao wakaazi wake walifika hadi Mahakama ya Katiba wakipinga kuhamishwa, kesi iliyoamuliwa mwaka 2009.

Maalim wa Chake Chake

Nawashukuru nyote. Bi Mkubwa, umenigusa pahala pake, kwani nilikwisha kuanza kuandaa somo lote juu ya Morogoro na Kabwe. Jumatatu nitayasomesha hayo, kisha nitampa binti yule maneno yako ayasome mwenyewe kwa sauti mbele ya wenzake, na nitakaa nyuma ya darasa nisikilize.