Kuacha sigara na kupunguza uzito: kipi kigumu zaidi?

Mtoa mada:

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi hushikilia kwamba mtu aliyeweza kuacha sigara hawezi kushindwa na kitambi, na kwamba wanaolalamikia unene ni walafi tu. Nilivuta kwa miaka 14, nikaacha, na ndani ya mwaka mmoja nikaongezeka kilo saba ambazo hadi leo sijazitoa. Kwa hiyo naomba nimpinge hapa, nanyi mnisahihishe.

Sikatai kwamba sigara ni adui mkali. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kuondoka kwenye damu, ndiyo maana mvutaji mzoefu hana raha hata kikao cha asubuhi kikirefuka. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila dawa wala ushauri, wanaofikisha mwaka ni kama watatu hadi watano. Lakini mateso hayo yana muda wake: hukolea wiki ya kwanza, na kwa wengi hulegea baada ya wiki tatu au nne. Siku ya tatu niligombana na kondakta wa daladala kwa chenji ya shilingi 100. Siku ya arobaini nilipita mbele ya kibanda cha sigara bila kugeuza shingo.

Uzito hauna siku ya arobaini. Sigara huachwa, uzito hupunguzwa, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo hoja yangu yote. Aliyeacha sigara ameachana nayo; anayepunguza uzito hulazimika kukaa meza moja na kinachomshinda asubuhi, mchana na jioni, ale kidogo kisha ainuke. Ramadhani huonyesha jambo hili vizuri: mvutaji hujizuia na sigara na chakula kutwa nzima, ila adhana ya magharibi ikilia anaweza kuamua kutoiwasha sigara, wakati futari hana budi kuila, na mbele yake kuna kaimati, sambusa, viazi vitamu vya nazi na mama mkwe anayesema, "Ongeza kidogo baba, mbona umekonda?" (Kwetu kukonda huulizwa kama ugonjwa, na kunenepa husifiwa kuwa ni kunawiri.)

Mwili nao hupinga. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 waliokuwa wameshindana kupunguza uzito kwenye televisheni, wakafuatiliwa miaka sita baadaye. Watu 13 walikuwa wameongezeka tena, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mtoa mada, umepima vitu viwili kwa mizani mbili. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Mgonjwa wa kilo 100 akipunguza tano hadi kumi tunampongeza kwa haki, kwa sababu sukari na shinikizo la damu huanza kupata nafuu, hata kama kitambi bado kinamtangulia mlangoni. Mvutaji hapati unafuu wa namna hiyo. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubaki na karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Aliyetoka sigara 20 hadi moja amepunguza kwa asilimia 95, lakini moyo wake umefika nusu ya njia tu. Na hiyo moja ndiyo mtego, maana kwetu sigara huuzwa moja moja kila kona. Kuhusu siku yako ya arobaini, nimewaona waliorudi baada ya miaka mitano kwa sigara moja waliyopewa msibani.

Mtoa mada:

Hoja ya nusu ya njia naikubali, sikuwa nimeifikiria. Hata hivyo, tazama dawa zenyewe. Dawa ya kuacha sigara, kama vareniklini, kwa kawaida hutumiwa wiki 12, kisha mtu huendelea na maisha yake. Sindano mpya za kupunguza uzito hazina mwisho wa namna hiyo: katika jaribio moja kubwa la semaglutidi, walioacha kuitumia walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Simshauri mtu arudie sigara kwa kuogopa kilo, kwani wengi huongezeka nne au tano tu, na bado wamefaidika. Zangu saba ninazo. Aliyefanya yote mawili aeleze alianza na lipi, na kama kuna aliyeyafanya kwa mpigo bila kurudi nyuma.