Naomba ushauri: kazi naiweza, ila kikaoni mdomo haufunguki

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina miaka 26, ni mhasibu, huu ni mwezi wa nane tangu niajiriwe. Kazi naijua, na mkuu wangu wa kitengo ameshanisifu zaidi ya mara moja. Shida ni vikao.

Juzi niliona kosa kwenye ripoti iliyokuwa mezani: malipo yaleyale yameingizwa mara mbili. Nikaweka alama kwa penseli, moyo ukaanza kwenda mbio. Nikajiambia labda mimi ndiye sijaelewa, nikanyamaza. Dakika kumi baadaye mwenzangu akalitaja kosa lilelile, akapongezwa, nami nimekaa nimeishika penseli yangu. Iliniuma kuliko kukosolewa.

Nimesoma kwamba mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofaulu kwa uwezo wao, lakini mioyoni wanajiona matapeli ambao siku moja wataumbuliwa. Nilijiona mle kabisa. Ila kulijua hilo hakujanifungua mdomo.

Wengi huniambia "jiamini tu", na sijui hata pa kuanzia. Mliopitia haya, mlianza na nini? Kuna aliyejaribu kusema neno mapema, kikao kinapoanza tu, kabla hofu haijakomaa? Na je, nimweleze mkuu wangu, au ataona sifai? Wiki ijayo nawasilisha hesabu za robo mwaka mbele ya wakurugenzi, na usingizi umeanza kunipaa.