Umri wa pombe upande hadi 21, sawa, lakini mjomba anayemmiminia mtoto tutamfanya nini?

Wadau, tangu ile sera ya Julai 2025 hapa Kenya ipendekeze umri wa kununua pombe utoke 18 uende 21 watu wanabishana tu, huyu anasema poa, yule anasema mtu anayepiga kura huwezi kumnyima bia. Mimi 21 siipingi, na pale wanaposema pombe isiuzwe mtandaoni na kuletwa hadi nyumbani naunga mkono kabisa. Lakini sheria ya pombe ya 2010 si ilishakataza kuuzia mtoto wa chini ya 18, tena ikasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule? Zungukeni mitaa yenu mniambie. Mtoto wa form two anavaa sweta juu ya unifomu, anatoa pesa, anapewa kota yake, kile kichupa kidogo cha pombe, anaondoka.

Halafu kuna nyumbani, ambako hata polisi hafiki. Nilikuwa kwa sherehe ya kifamilia, kijana wa miaka 15 akashindana na mabinamu kubugia spiriti, na chupa wamepewa na mtu mzima, akazima kwa sofa. Wakubwa wakacheka, eti muacheni alale itaisha. Nikamsogelea nikaona midomo imeanza kuwa ya bluu, ngozi baridi, anavuta pumzi moja halafu kimyaa, ndio avute nyingine. Huo si usingizi jamani! Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwa damu hata kama ameacha kunywa, kwa hivyo mtu anaweza kulala akiwa na nafuu na azidiwe akiwa hapo hapo amelala, akitapika akiwa chali anapaliwa na matapishi anakufa, na kwa watoto hata sukari ya mwili inaweza kushuka vibaya sana. Tukamlaza ubavu, tukamkimbiza hosi, akapona. Shangazi mmoja alikuwa ashaweka kahawa jikoni na mwingine anataka amwagiwe maji baridi. Kahawa haitoi pombe mwilini, ini linaenda kwa mwendo wake, na maji baridi yanamzidishia tu baridi aliyo nayo.

Kilichoniuma zaidi ni wale mabinamu. Waliona mapema amezidiwa wakanyamaza kwa kuogopa kichapo. Wazazi, mwambieni mtoto leo, akiwa hajalewa, kwamba mwenzake akizima aite mtu mzima saa hiyo hiyo na hatachapwa kwa kuita.

Kuna atakayekuja hapa kusema mtoto alijitakia. Alijitakia vipi na chupa imetoka mkononi mwa mtu wa miaka 40? Mimi nataka anayenunulia mtoto ashtakiwe sawa na anayemuuzia, hata kama ni ndugu, hata kama ni sebuleni kwake. Wale mnaosema 21 inatosha, huyo mtamkamata na nini?