Stenti zenye dawa: ipi inamfaa mgonjwa aliyewahi kutapika damu?

Swali

Habari zenu. Baba yangu ana umri wa miaka 71, na picha imeonyesha kwamba mshipa mmoja wa moyo wake umeziba kwa kiasi kikubwa. Daktari ametaja stenti mbili, yaani vibomba vya wavu wa chuma vya kuushikilia mshipa wazi: moja yenye dawa ya zotarolimasi iliyopakwa pamoja na polima ya kudumu (tabaka la plastiki linaloachilia dawa polepole), na nyingine yenye dawa lakini isiyo na polima kabisa. Mwaka juzi baba alitapika damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kwa hiyo dawa za kuzuia damu kuganda zinanitisha kuliko stenti yenyewe. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie tofauti zake.

Jibu la kwanza

Pole kwa kuuguliwa. Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta, yaani mirija myembamba inayopitishwa hadi moyoni, na nilianza kazi wakati stenti ya Cypher, yenye sirolimasi, ingali mpya. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, na Taxus yenye paklitakseli ikafuata mwaka 2004. Kabla ya hizo, stenti za chuma kitupu zilijibana tena kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne, kwa kuwa ukuta wa mshipa uliojeruhiwa na puto la kuitanua stenti huotesha kovu ndani ya wavu. Dawa ilizuia kovu hilo, ila ilichelewesha pia utando wa kawaida kukifunika chuma, na bonge la damu liliweza kutokea hata baada ya mwaka.

Nyuzi za Cypher zilikuwa na unene wa mikroni 140 hivi, ilhali za Xience, yenye everolimasi, ni mikroni 81, karibu sawa na unywele. Ukiishika kabla haijatanuliwa utaona kijiti tu kilichobana juu ya puto, na utashangaa kwamba ndicho kitakachoushikilia mshipa wazi. Nyuzi nyembamba hufunikwa na utando mapema zaidi.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu polima. Mwaka 2015, utafiti wa LEADERS FREE ulionyesha kwamba BioFreedom, isiyo na polima, iliwafaa wagonjwa walio katika hatari ya kuvuja damu kuliko chuma kitupu, wote wakitumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa mwezi mmoja tu. Wengi wakaamini kwamba siri ni kukosa polima. Mwaka 2020, Onyx ONE uliilinganisha na stenti ya zotarolimasi yenye polima ya kudumu kwa muda uleule wa dawa, na ile ya polima haikuzidiwa. Kwa maoni yangu, ndugu, msipoteze usingizi kwa kuchagua kati ya hizo mbili. Ulizeni baba atatumia aspirini na klopidogreli kwa muda gani. Kwa kawaida ni miezi 6, au 12 baada ya shambulio la moyo, lakini daktari anaweza kuufupisha muda huo. Je, aliwahi kushambuliwa, na ana kisukari?

Muulizaji

Hapana kwa yote mawili. Kifua humbana anapopanda ngazi tu.

Jibu la kwanza

Basi kuna nafasi ya kufupisha. Ombeni apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo mapema, na apewe dawa ya kupunguza asidi. Pantoprazoli hupendekezwa kuliko omeprazoli, ambayo hudhoofisha kazi ya klopidogreli. Asiache kidonge chochote mwenyewe, hata akiambiwa na daktari wa meno.

Muulizaji

Asante sana. Nimeyaandika yote, nami nitamuuliza daktari kuhusu muda wa dawa kwanza.