Bunduki ya kulindia karafuu Pemba: leseni, na mpaka wa kujihami

Mkulima_Wete
Assalaam aleikum. Msimu wa karafuu unakuja, na wezi wanazisomba usiku zikiwa bado kwenye majamvi. Safari hii inasemekana wanatembea na mapanga. Nauliza mambo mawili. Raia wa kawaida huku Pemba anaweza kumiliki bunduki ya marisau kihalali, na anaanzia wapi? La pili, mwizi akiingia uani, sheria inaniruhusu kufika wapi? Mtandaoni kila mtu anataja kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Hakimu_Si_Mimi
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kifungu hicho kiache. Sura ya 16 ni ya Tanzania Bara. Mahkama zetu hazihukumu kwayo. Huku jinai hupimwa kwa Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, na mwenendo wa kesi kwa Sheria Namba 7 ya mwaka huo huo. Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, inayotumika Bara na Visiwani. Yaani sheria ya Muungano ndiyo inayokuruhusu kuwa na silaha, na sheria ya Zanzibar ndiyo itakayokuuliza kwa nini uliifyatua. Watu wanazichanganya hizi mbili, wanadhani leseni ni ruhusa ya kumpiga mwizi. Siyo.

Kumiliki inawezekana. Uwe umetimiza miaka 25, una akili timamu, huna rekodi ya jinai, na una sababu inayoeleweka. Anzia kwa sheha wako (kiongozi wa shehia), kisha polisi wa wilaya. Maombi yanapita kwenye kamati ya ulinzi na usalama kabla ya kufika kwa wanaosajili silaha. Usinunue kwanza ukatafuta karatasi baadaye. Na kama kuna gobole la marehemu babu limefichwa darini, lipeleke polisi, kwa sababu leseni hairithiwi pamoja na silaha.

Sasa kujihami. Mahkama itatazama kama hatari ilikuwepo pale pale, kama nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima, na kama ililingana na hatari yenyewe. Mtu amekuinulia panga hatua tatu mbele yako, mlango nyuma yako umefungwa, watoto wamo ndani: hapo una hoja. Mtu amebeba gunia anakimbilia mikokoni: hatari imekwisha, kilichobaki ni mali. Jeraha la mgongoni daktari ataliandika kama alivyoliona, na maelezo yako yote yatasomwa kando ya maandishi hayo. Shtaka likiwa la kuua kwa kukusudia, kesi ni ya Mahkama Kuu, na dhamana usiitegemee.

Karafuu unaruhusiwa kuzilinda, lakini kwa nguvu ndogo: kupiga kelele, kuita majirani, kumzuia mwizi, kumkamata na kumkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Akishafungwa kamba, kila pigo linaloongezwa ni kosa jipya, na safari hii mkosaji ni wewe.

Mtutu_na_Mafuta
Nitasema upande wa chombo. Bunduki ya marisau iliyozoeleka ni namba 12, kipenyo cha mtutu kama milimita 18.5. Soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu kabla ya kununua risasi. Chemba (pale risasi inapokaa) ya milimita 70 inaimeza risasi ya milimita 76 bila ya kukataa, kwa sababu urefu wa ganda hupimwa likiwa limeshafunguka. Ukifyatua, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufungukia, shinikizo linapanda, na unaweza kupasua bunduki mkononi.

Marisau hutawanyika angalau sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa mtutu usiobanwa mdomoni. Mita 10 ni duara la sentimita 25 au zaidi. Mita 30 linapita sentimita 75. Shambani usiku, wachumaji wamelala kibandani, duara hilo halichagui mtu. Ukuta wa udongo na makuti usiutegemee kuzuia marisau makubwa, na yakikosa yanakwenda mamia ya mita.

Adui mkubwa wa bunduki kisiwani ni hewa ya chumvi. Usiiweke ndani ya mfuko wa ngozi au wa nguo, unyevu unabaki humo na kutu inaanza chini ya mfuko bila ya wewe kuiona. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ukiishika. Kitako cha shaba cha risasi kikishika ukijani, itoe hesabuni na uirejeshe polisi. Na nyigu wanajenga kwa udongo ndani ya mtutu: fungua, hakikisha haina risasi, tazama mwanga upande wa pili. Kizibo kidogo tu kinatosha kuupasua mtutu.

Uhifadhi: sanduku la chuma lililokazwa kwa bolti kwenye ukuta wa matofali, risasi kwenye kufuli jengine, funguo hazikai pamoja. Ukihifadhi hivyo, kuitoa gizani kunachukua dakika, na mwenye panga aliyeshafika mlangoni hakupi dakika. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kutoa pesa.

Mkulima_Wete
Shukran sana. Je, mlinzi wangu anaweza kukaa nayo usiku? Na risasi ya kuonya, ya juu?

Hakimu_Si_Mimi
Mlinzi hapana. Leseni ni ya mtu aliyetajwa. Ukimwachia, yeye anamiliki bila ya leseni na wewe umempa. Ukitaka mlinzi mwenye silaha, chukua kampuni yenye kibali, na silaha iwe yao.

Risasi ya kuonya usiipige. Utaulizwa: kama hatari ilikuwa ya roho, kwa nini ulipata nafasi ya kuonya? Na kama haikuwa ya roho, kwa nini ulifyatua? Mwanga mkali na sauti vinatosha kuonya.

Likitokea la kutokea, toa risasi ndani ya bunduki, iweke chini, piga 112. Maganda, panga na damu viache vilipo. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitali hata kama ni mwizi; polisi watatoa PF3, fomu yao ya matibabu ya majeruhi. Maelezo marefu yasubiri wakili.

Jamvi_la_Mtambile
Mimi nauliza kwa nini karafuu zinalala nje. Mwizi akiziacha, umande hauziachi: zinarudi kuwa mbichi, zinafanya ukungu, rangi inapotea, na daraja linashuka siku ya kupima. Jua likianza kupoa kunja jamvi, ingiza ndani, tandaza sakafuni zipumue, usizifunge kwenye gunia zikiwa na joto. Siku tatu hadi nne za jua kali zinatosha. Kikonyo kikikatika kwa mlio, peleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, siku ile ile. Chumba chenye kitasa kizuri na taa ya sola ya uani ni bei ndogo kuliko bunduki, na havihitaji leseni.