Mtoto wa miaka 10 mwenye baridi yabisi ya mikono: apasuliwe kifundo au tusubiri?

Mama Nasra, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoyajua haya mambo. Binti yangu ana miaka 10, kilo 28, na ana baridi yabisi ya watoto. Vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, wa kulia zaidi. Mkono huo umeanza kulala kwa chini, hauinuki vizuri, na asubuhi vidole vinakaza karibu saa nzima. Anameza methotreksati, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mg 10 mara moja kwa wiki, sasa mwezi wa nane, pamoja na ibuprofeni. Tumeambiwa huenda akapasuliwa kutoa utando uliovimba ndani ya kifundo cha kulia. Je, upasuaji unamaliza ugonjwa? Tujiandae vipi? Na itachukua muda gani aweze tena kuandika na kula kwa mkono huo?

Daktari wa Mifupa

Mama Nasra, pole kwa kuuguza. Kama upasuaji unamaliza ugonjwa, jibu ni hapana. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mkono ni mahali pamoja tu unapojitokeza. Kutoa utando kunapunguza maumivu na uvimbe, lakini kinga ikiwa bado inashambulia viungo, utando unaota upya. Ndiyo maana nakusihi, kabla ya kupanga tarehe, urudi kwa daktari wa watoto na mambo mawili.

Kwanza dozi. Kwa watoto methotreksati hupangwa kwa eneo la mwili: mg 10 hadi 15 kwa kila mita moja ya mraba, kwa wiki. Mtoto wa kilo 28 ana kama mita moja ya mraba, kwa hiyo mg 10 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Daktari anaweza kuipandisha, au kuihamishia kwenye sindano ya chini ya ngozi ambayo mwili huipokea vizuri zaidi. Usiipandishe mwenyewe. Na narudia kwa sababu kosa hili linaua: ni mara moja kwa WIKI, siku ileile, kamwe si kila siku.

Pili, ulizia sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo. Mtoto hupewa usingizi mfupi, na ultrasaundi humsaidia daktari kuona ncha ya sindano. Kifundo kiko karibu sana na ngozi, dawa ikivuja nje ya kiungo ngozi inabonyea na kubaki na doa jeupe, kwa hiyo mkono wa mchomaji ni muhimu. Zaidi ya hapo kuna dawa za kibayolojia, zinazozuia sehemu ya kinga inayoleta uvimbe, kama etanasepti na adalimumabu. Ni ghali, na lazima apimwe kifua kikuu kwanza maana zinaweza kuamsha TB iliyolala.

Upasuaji una nafasi yake pale utando unapobaki mnene baada ya miezi kama sita ya dawa za kutosha, au unapoanza kula kano za kunyoosha vidole. Kidole cha mwisho na cha pete vikianguka ghafla na kukataa kunyooka, nenda hospitali siku hiyohiyo, kano inaweza kuwa imekatika.

Kinachotutia hofu kwa mtoto ni sehemu ya ukuaji, ile iliyo karibu na ncha ya mfupa. Ikijeruhiwa, mfupa mmoja wa kigasha husimama na mwenzake huendelea kurefuka, mkono unapinda. Ugonjwa wenyewe nao unaweza kuifunga mapema, kwa hiyo kusubiri bila tiba si salama pia. Kuunganisha kifundo kwa chuma ni suala la baadaye kabisa, ukuaji ukishakoma. Kwa mlipo, barua ya rufaa inaweza kuanzia hospitali ya Amana kwenda MOI (taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili) na kliniki ya watoto Muhimbili. Omba madaktari hao wawili waongee kabla ya siku ya upasuaji.

Nesi wa Nusu Kaputi

Naongezea upande wetu, Mama Nasra. Waambie mapema kama taya lake halifunguki vizuri au shingo inakaza. Baridi yabisi ya watoto hushika sehemu hizo, na kuingiza mpira wa hewa kooni kunakuwa kugumu. Timu ikijua, inajiandaa na vifaa vyake. Kwa umri wake taja na meno yanayocheza.

Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe. Wakati wa kupasua mkono hufungwa mkanda wa kuzuia damu, na mwenye selimundu anahitaji mpango tofauti.

Methotreksati kwa kawaida haisimamishwi. Dawa za kibayolojia ndizo huachwa kwa mzunguko mmoja wa dozi. Akiwa anatumia predinisoloni (vidonge vya steroidi), isikatwe ghafla. Chakula mwisho saa sita kabla ya usingizi, maji matupu saa mbili kabla. Uji ni chakula, na chai ya maziwa usiihesabu kama maji.

Kitu kingine kinachonisumbua: mtoto anayetumia methotreksati asipewe Septrini kutoka duka la dawa. Zikikutana zinaweza kuzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Wala usichanganye diklofenaki na ibuprofeni, zinaumiza tumbo na figo. Parasetamoli inaweza kwenda pamoja na ibuprofeni: mg 15 kwa kila kilo kila baada ya saa sita, kwake ni kama mg 420, isizidi mara nne kwa siku.

Tiba ya Mikono Ilala

Mimi nazungumzia baada ya upasuaji, maana mkono uliopasuliwa vizuri unaweza kukakamaa kabisa ukiachwa umetulia. Kovu hushikana na kano ndani ya wiki chache.

Siku ya kwanza atakuwa na splinti, yaani kifaa kigumu cha kushika kifundo, vidole viko huru. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo, mchana juu ya mito, akitembea uwe kifuani. Vidole vianze kusogea siku hiyohiyo kama daktari hajakataza: vyote vinyooke, vikunjwe kama ndoano, kisha ngumi kamili, halafu vinyooke tena. Mara kumi, awamu tano kwa siku. Atalia kidogo, ni kawaida. Mpe parasetamoli nusu saa kabla, ila isizidi ile mara nne kwa siku.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yanayokuwa makali unapomnyoosha kidole, au vidole vyenye ganzi, baridi au vilivyopauka: bandeji imebana au kuna shinikizo ndani ya misuli. Rudini saa hiyohiyo, hata usiku, msingoje kliniki.

Nyuzi za kushonea kidonda hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kidonda kikishakauka, paka mafuta na ukande kovu dakika tano asubuhi na jioni. Kama kwenu kuna keloidi (makovu yanayovimba na kukua) semeni mapema. Kifundo chenyewe huanza kusogezwa kwa idhini ya daktari, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: kuinua, kushusha, na kugeuza kiganja juu na chini. Kidonda kikishafunga, mkono ukilowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu husogea kwa urahisi.

Kuandika kidogo huanza wiki ya tatu au ya nne, kalamu izungushiwe kitambaa iwe nene. Kumega na kufinyanga ugali laini ni zoezi zuri kwa wakati huohuo. Ndoo ya maji, kufua na kukuna nazi visubiri miezi mitatu.

Mama Nasra, Tabata

Asanteni sana, Mungu awabariki. Splinti ya usiku avae mpaka lini? Na joto hili la Dar, si ataivua?

Tiba ya Mikono Ilala

Usiku kwa kawaida miezi mitatu, na zaidi kama kifundo bado kinataka kulala. Imshike mkono ukiwa umeinuka kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Mvalishe soksi ya pamba chini yake, ibadilishe kila siku, na osha splinti kwa maji ya kawaida na sabuni. Nyingi ni plastiki inayolainika kwa joto: ukiiacha juani au ndani ya gari lililoegeshwa inapinda, na iliyopinda humrudisha mkono kwenye ulemavu uleule. Akipata wekundu usioisha ndani ya dakika 20 baada ya kuvua, ilete tuirekebishe, usiikate mwenyewe.

Daktari wa Mifupa

Na macho, Mama Nasra. Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu. Kama hajaonwa na daktari wa macho kwa mashine ya kuangalia ndani ya jicho, hilo lisingoje upasuaji.